Kipande cha tairi, tawi la mti na rada

Anayetaka kujua breki ni nini asimame asubuhi kwenye mteremko wa barabara ya Kyondo inapoingia Butembo, mashariki mwa Kongo. Chukudu, vile vyombo vya mbao, zinashuka na viazi, kabichi na makaa, mzigo wa kilo mia kadhaa juu ya magurudumu mawili ya mbao. Mwendeshaji anakandamiza kwa kisigino kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma. Mpira unasugua, unalia, unatoa harufu ya kuungua, na mwendo unapungua. Anayemfuata hana taa ya kutazama. Anasikia ule mlio, ananusa ile harufu, naye anaanza kukandamiza cha kwake kabla hajagongana na gunia lililo mbele.

Hizo ndizo kazi mbili za breki tangu zamani: kupunguza mwendo, na kumwarifu aliye nyuma. Ya kwanza imeandikiwa vitabu. Ya pili watu huikumbuka siku wamegongwa.

Chukudu zilianza kuonekana Kivu katika miaka ya 1970, na wengi huzitazama kama masalia ya ukale. Basi nitawashangaza: kidhibiti mwendo cha gari, kile kinachoshika kasi bila dereva kukanyaga mafuta, kiliitangulia chukudu. Kilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana nchini Marekani, aliyepofuka akiwa na miaka 5. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila alipozungumza akiendesha alilegeza mafuta, na akinyamaza anakanyaga, gari likawa linacheza kama mtumbwi. Kipofu anayesikia mwendo kwa mgongo wake ndiye aliyeudhibiti. Aliomba hataza mwaka 1945, akaipata 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikakiweka kifaa chake katika magari yake, likiwemo Imperial.

Kifaa hicho kilishika mwendo, lakini hakikuona kitu. Lori likisimama mbele, ilibaki kazi ya dereva. Macho yalipatikana Japani. Mwaka 1992 Mitsubishi ilitoa gari la Debonair lenye mwale wa leza uliopima umbali na kumwonya dereva tu. Miaka mitatu baadaye Diamante ikaenda hatua moja zaidi: ilipunguza mafuta yenyewe na kushusha gia, ila breki haikuigusa. Mwaka 1999 ndipo Mercedes-Benz ilipoweka rada katika magari yake ya S-Class na kuiruhusu ibonyeze breki.

Namna inavyofanya kazi haina uchawi. Rada iliyofichwa sehemu ya mbele ya gari hutuma mawimbi, yanagonga gari lililotangulia na kurudi. Kompyuta inasoma umbali, na inasoma pia kama pengo linapungua au linaongezeka. Dereva ameshachagua abaki nyuma kwa sekunde ngapi. Pengo likipungua, gari kwanza linakata mafuta na kuiacha injini ilivute nyuma, kama dereva wa lori la Fuso anavyoshuka na gia ndogo ili asichome breki. Isipotosha, pampu inasukuma mafuta ya breki kwenye magurudumu.

Hapo katikati pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Injini peke yake inapolizuia gari, taa nyekundu za nyuma haziwaki. Mwendo unapungua kimyakimya. Breki yenyewe ikiguswa na kompyuta, kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka taa ziwake, ila zinaruhusu zibaki zimezimwa kama upunguaji ni chini ya mita 0.7 kwa sekunde kila sekunde, yaani gari likipoteza chini ya kilomita 2.5 hivi za mwendo kila sekunde. Ruhusa hiyo ina mantiki: taa ikiwakawaka kwa kila mguso mdogo, aliye nyuma ataizoea na mwisho ataipuuza, kama honi za pikipiki katikati ya mji wa Butembo.

Kwamba taa ni lugha, dereva wa teksi wa San Francisco analijua tangu 1974. Mwaka huo mwanasaikolojia John Voevodsky alichapisha matokeo ya jaribio lake: alifunga taa ya tatu ya breki kwenye teksi 343 za mji huo, na nyingine 160 akaziacha zilivyo. Teksi zenye taa ya ziada ziligongwa nyuma mara chache zaidi kwa takriban asilimia 60. Marekani ikailazimisha taa hiyo kwenye magari madogo mapya kuanzia ya mwaka 1986. Ndiyo ile inayong'aa juu, kwenye kioo cha nyuma.

Magari yenye macho hayo sasa yanafika kwetu kwa njia ile ile ya mitumba yote: Mombasa, Kampala, mpaka wa Mpondwe, kisha Kasindi. Hapo Kasindi mambo yanageuka. Kenya na Uganda huendesha kushoto, Kongo huendesha kulia, na usukani wa gari la Japani umebaki kulia. Dereva anayetaka kulipita lori haoni mbele, humwuliza abiria wa kushoto, "Njia iko wazi?" Madereva wa malori kutoka pwani nao wana lugha yao ya indiketa: ya kushoto humwambia aliye nyuma apite, ya kulia humwambia angoje. Ukivuka mpaka, upande wa kupita umebadilika, na asiyejirekebisha anamtuma mwenzake kwenye ajali.

Ile rada nayo ina udhaifu wake. Tope la barabara ya Beni likiifunika, inajizima na kuandika onyo kwenye dashibodi. Kwenye gari la soko la Japani, onyo hilo limeandikwa kwa Kijapani.

Ndiyo maana tawi la mti bado lina kazi. Lori likiharibika kwenye kona, boi-shofere, yaani msaidizi wa dereva, anaruka na kabari, anaibana chini ya tairi, kisha anakata matawi na kuyapanga barabarani hatua kadhaa nyuma. Kila dereva anayasoma: kuna mtu amekwama mbele. Na kwenye misafara inayosindikizwa na askari kuelekea Komanda, kwa hofu ya waasi wa ADF, hakuna anayetaka kuacha pengo. Kila mmoja hubana aliye mbele ili asibaki peke yake, akijua wazi kwamba wa mbele akifunga breki ghafla, atamgonga.

Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walizindua mpakani Mpondwe mradi wa kujenga barabara za upande wa Kongo, ikiwemo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Butembo iko juu ya Beni kwa zaidi ya mita 500. Mashimo yalikuwa breki ya bure. Lami ikitandikwa kwenye mteremko ule, breki hiyo imekwisha, na pikipiki iliyo nyuma yako itabaki na taa zako tu za kuisomea mwendo wako.

Basi kabla hujalipa gari la mtumba, usiulize kwanza kama lina rada. Mwambie mwenzako asimame nyuma yake, kanyaga breki, kisha mwulize: taa ngapi zinawaka?