Kibindoni na Mzigoni

Mzigo wa msafara wa karne ya 19, kati ya pwani ya Mrima na Ziwa Tanganyika, ulifungwa pwani na haukukusudiwa kufunguliwa njiani. Merikani na vitambaa vingine viliviringishwa vikawa mtumba mrefu, wenye urefu wa futi tano hivi, ukakazwa kwa kamba ya makumbi na kubanwa kwa vijiti ili usipinde na uweze kuegemezwa kwenye mti bila kugusa tope. Shanga zilishonewa ndani ya mifuko mirefu myembamba. Masango ya shaba yalifungwa kwenye ncha mbili za mti na kubebwa begani. Uzito wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32, na aliyeubeba hakuweza kuutua kila alipohisi kiu. Kabla ya kuondoka, basi, ilibidi kila msafiri aamue ni vitu gani vibaki nje ya kamba.

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa uti wa mgongo wa biashara hiyo, walikuwa wamelitatua jambo hili zamani kabla ya mgeni yeyote kuandika habari zao. Kibuyu cha maji, chungu kidogo, mkeka au ngozi ya kulalia, pengine na kigoda cha miguu mitatu, vilifungwa juu ya mzigo, upande wa nje, ambako mwenyewe angevifungua bila kugusa mali ya tajiri. Kisu na tumbako vilikaa mwilini. Mkono uliobaki huru ulishika mkuki au fimbo. Wabeba pembe za ndovu, ambao walitembea mbele na kujiona bora kuliko wenzao, walifunga kengele kwenye ncha ya pembe na vyombo vyao binafsi kwenye upande wa pili, wa nyuma, hivyo pembe yenyewe ikawa mzigo na shubaka kwa pamoja.

Ngozi ya mbuzi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi watu hawa walivyopanga mambo. Mvua ilipoanza, mpagazi hakujifunika kwa ngozi yake. Aliivua, akaikunja, akaiweka kati ya bega na mzigo. Wageni walilicheka jambo hilo, lakini hesabu yake ilikuwa wazi: mwili hukauka wenyewe ukifika penye moto, ila ngozi iliyolowa haifai kulaliwa usiku kucha. Tena ikiwa pale begani ililainisha ugumu wa mzigo, na jioni ilikuwa kitu cha kwanza kufikiwa baada ya kutua.

Si wote waliojibebea. Wapagazi wengi walisafiri na wake zao, na wengine na watoto, na hao ndio waliochukua vyungu, unga na vyombo vya kambi. Mume aliyeambatana na mkewe alikula mapema na kula vizuri zaidi. Waliokuwa peke yao walijipanga katika makundi ya kupika pamoja, kila mmoja akabeba sehemu ya vyombo, utaratibu uliokuwa na ubaya mmoja: aliyebeba chungu akichelewa njiani, kundi zima lilimsubiri.

Waungwana wa pwani walikuwa na njia yao. Nguo ya kiunoni, ikikunjwa na kukazwa vizuri, hutoa kibindo, nao wanawake hufunga fundo kwenye pindo la kanga. Humo zilikaa fedha na vitu vingine vidogo ambavyo mtu hakutaka kumpa mwingine amshikie. Methali ya pwani isemayo kwamba hamadi ni iliyo kibindoni, na silaha ni iliyo mkononi, ilisema jambo ambalo kila aliyepita njia ya Tabora alilijua kwa vitendo. Hirizi nayo, iliyoshonewa ngozi na kuvaliwa shingoni au mkononi, ilikuwa katika kundi hilohilo, kwa kuwa kinga iliyofungwa mzigoni haimkingi mtu.

Ukilinganisha, mpagazi alikuwa na mali kidogo na karibu yote aliifikia kwa mkono. Mzungu aliyemwajiri alikuwa na mali nyingi, na karibu yote ilikuwa kichwani au begani mwa mtu mwingine, mahali fulani mbele au nyuma katika mstari ulioweza kunyooka kwa maili kadhaa. Richard Burton na John Speke, walioanza safari mwaka 1857 na kufika Ujiji mwaka uliofuata, waliondoka na vyombo vya kupimia vya kutosha, lakini vingi viliharibika njiani. Speke alipofika kusini mwa ziwa ambalo yeye aliliita Victoria, mwaka 1858, alikadiria kimo chake kutoka usawa wa bahari kwa kipimajoto cha kawaida cha maji ya kuogea.

Hasara iliyotajwa zaidi katika historia ya misafara ilitokea Januari 1867. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikuwa amepita Mto Rovuma mwaka uliotangulia na sasa alikuwa akielekea kaskazini katika nchi ambayo leo ni Zambia. Sanduku lake la dawa lilibebwa siku zote na kijana aliyeitwa Baraka, ambaye alisifiwa kwa uangalifu wake. Siku hiyo Baraka alibadilishana mzigo na mwenzake mmoja wa Kiyao, na baadaye kidogo huyo pamoja na mwingine wakatoroka msituni. Walitoweka na vyombo vya kulia, unga, baruti, zana na bunduki, na pia sanduku la dawa. Vingine vyote vingeweza kununuliwa au kukosekana bila madhara makubwa, ila kwinini haikupatikana popote karibu. Livingstone aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Aliishi miaka sita zaidi, mingi kati yake akiwa na homa na kuhara damu, akafa katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873.

Ni rahisi kuwalaumu watoro wawili, na vitabu vingi vya wakati ule vilifanya hivyo. Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mpangilio. Dawa yote ya msafara ilikuwa katika sanduku moja, na sanduku hilo lilikuwa umbali wa watu kadhaa kutoka kwa mgonjwa. Dozi chache katika mfuko wa koti zingepunguza uzito wa msiba ule. Mengine yaliyompata yanafuata njia ileile: mbeba saa za kupimia longitudo aliteleza na kuanguka, na vipimo vya Livingstone vikapotoka; na kufikia 1871, huko Nyangwe, karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani kwa rangi aliyoikamua kutoka kwenye mimea. Alikuwa na shehena iliyomngoja Ujiji. Alipofika huko, akakuta imekwisha kuuzwa.

Wale waliomzika moyo na kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walijua vyema zaidi maana ya mzigo uliofungwa. Karibu na Unyanyembe, eneo la Tabora, walisikia kwamba wenyeji wa mbele hawangeruhusu maiti ipite. Wakaufunga upya mwili huo kwa umbo la mtumba wa nguo, wakaeneza habari kwamba maiti imerudishwa ikazikwe, na mtumba ukapita kati ya watu bila kuulizwa. Walifika pwani Februari 1874, na karatasi za marehemu zikafika pamoja nao.

Kilichobadilisha suala la dawa hakikuwa busara ya wasafiri bali kiwanda. Mpaka wakati huo kwinini mara nyingi ilisafiri kama unga ndani ya chupa, ikahitaji mizani na kijiko, jambo lililoilazimisha kukaa ndani ya sanduku. Burroughs Wellcome, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1880 na Wamarekani wawili, ilianza kuuza dawa zilizogandamizwa kwa mashine kuwa vidonge vyenye kipimo kimoja, ikazipa jina la biashara Tabloid mwaka 1884. Masanduku yake yalikwenda na mpelelezi Henry Stanley katika msafara wa kumfuata gavana Emin Pasha, 1887 hadi 1889, na Stanley aliyasifu waziwazi kitabuni mwake, sifa ambazo kampuni ilizitumia kama tangazo kwa miaka mingi. Sanduku kubwa lilibaki kwa daktari wa msafara, Thomas Parke. Lakini kidonge hakikudai sanduku. Kilitosha katika mfuko wa shati, na tangu hapo ofisa au mmisionari aliyepoteza wapagazi wake hakulazimika kupoteza dawa yake.

Reli ziliua misafara mirefu mwanzoni mwa karne ya 20. Ile ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, ile ya kati ya Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikawarudisha wapagazi kwa wingi usiopata kuonekana. Jeshi la wabebaji la Waingereza, lililoacha jina lake Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, liliandikisha mamia ya maelfu ya wanaume, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na kuhara kulikosababishwa na unga usioiva. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wamekwenda na wake zao na vyungu vyao, na waliujua muda wa kupika chakula chao. Aliyeandikishwa kwa nguvu hakuchagua cha kubeba wala cha kula.

Zoezi la kuwahesabu wabebaji liliambatana na kitu kipya cha kuvaa mwilini, kibati chenye namba ya mtu. Nchini Kenya wazo hilo halikwisha na vita. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa na kipande, karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa uzi. Kukutwa bila hicho kulileta faini au kifungo. Watu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kupinga kipande kulikuwa miongoni mwa madai ya mwanasiasa Harry Thuku na wenzake kabla ya kukamatwa kwake Machi 1922. Kati ya vitu vyote vidogo vilivyowahi kuwekwa mahali pa kufikiwa upesi, hiki ndicho ambacho upesi wake ulikuwa kwa faida ya askari, si ya mvaaji.

Kazi ya upagazi bado iko hai Kilimanjaro, na huko mambo yamepangwa karibu kama zamani. Mjerumani Hans Meyer alishindwa kufika kileleni mwaka 1887. Mwaka 1889, akiwa na mpanda milima wa Austria Ludwig Purtscheller, alibadili mpango wa vifaa: kambi kubwa Marangu, nyingine katikati, na hema dogo juu kabisa kwenye uwanda kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, ambako Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao akipika. Wapagazi walipandisha chakula na kuni kila baada ya siku chache. Jaribio likishindikana, hakukuwa na haja ya kushuka hadi msituni. Waliweza kulala, kula na kujaribu tena. Tarehe 6 Oktoba walisimama kwenye kilele ambacho sasa ni Uhuru, mita 5,895.

Mgeni wa leo humkabidhi mgumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyoitana, begi kubwa asubuhi na hulikuta kambini. Wagumu huvunja kambi baada ya wageni kuondoka, huwapita njiani na kufika kwanza. Kwa hiyo kati ya chai ya asubuhi na mchana, kilicho ndani ya begi kubwa ni sawa na kilichoachwa Moshi. Koti la mvua, sweta, maji, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, vitafunio na dawa binafsi hukaa kwenye begi dogo la mgongoni, na vinavyotumika mara nyingi zaidi hukaa juu au mifukoni mwa nguo. Anayepita njia ya Machame huanzia katika msitu wa mvua na siku mbili baadaye yuko penye mawe na upepo mkavu, na mvua haimpi dakika tano za kupekua.

Usiku wa kilele ndio unaoadhibu mpangilio mbaya. Safari huanza karibu saa sita usiku kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, zaidi ya mita 4,600, gizani na penye baridi kali. Glavu nene haziwezi kushika zipu ndogo. Mpira wa kunyonyea maji huganda kwanza, kwa hiyo wazoefu hubeba chupa na kuigeuza mdomo chini, kwa sababu barafu huanzia juu. Betri za taa ya kichwani na za simu huwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo huzimika mapema. Kiongozi hubeba dawa za huduma ya kwanza na mara nyingi huchukua pia begi la mgeni aliyeishiwa nguvu, na hapo vilivyo mifukoni ndivyo pekee vinavyobaki kwa mwenyewe.

Wagumu wenyewe hubeba mzigo wa kampuni kichwani au shingoni na vitu vyao katika begi la mgongoni. Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo, na mizani langoni huthibitisha. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Juni 1, 2019 ilibadilisha ufungaji wa vitu vidogo, kwani wengi walizoea kutenga soksi, dawa na nyaya katika mifuko hiyo; sasa hutumika mifuko ya kitambaa, na ile midogo yenye zipu ya vifaa vya kuogea huruhusiwa kwa sharti kwamba mgeni aondoke nayo. Chupa za maji za kutumia mara moja hazipandi mlimani. Kila mgeni huja na chupa yake, na maji yaliyochemshwa kambini humiminwa humo kila asubuhi kabla ya kuondoka.