Makaburi mbele ya kamera: Agra, Mambrui na vigango

Taj Mahal ilibahatika kupata daktari. John Murray, mganga wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki mjini Agra, alianza kuipiga picha karibu na 1849, kwa negativi za karatasi. Kaburi hilo la karne ya 17 bado limesimama. Hata picha zote za Murray zingeteketea, Agra isingepungukiwa na jiwe hata moja.

Pwani ya Malindi mambo ni tofauti. Kaburi la nguzo la Mambrui, ambalo mafundi walilipachika bakuli za Kichina kwenye chokaa, liliporomoka 1934. Magofu ya Gede yalitembelewa na John Kirk 1884, na Kirk hakuwa mgeni wa kamera, maana alishaitumia Zambezi katika msafara wa Livingstone. Lakini ulinzi wa serikali ulikuja baadaye sana, mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba 1948.

Ukipanda kutoka Mambrui hadi Adu unaingia kwa Wagiriama, na huko kumbukumbu ya mfu huwa mbao. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, jamaa zake wanamchongea kigango cha mhuhu: kichwa cha mviringo, kiwiliwili kirefu chembamba, na pembetatu zilizochongwa kutoka juu mpaka chini. Wanakisimika bomani, na koma wake, yaani roho ya mfu, anamiminiwa tembo. Boma likihama, kigango hakihami. Ustaarabu mzuri, lakini mwizi naye anaujua: mahame hayana mlinzi, na wanunuzi wa sanaa wamejaa ng'ambo.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Aliporudi kumletea nakala, vigango havikuwepo. Mzee akaomba picha hiyo isaidie kuvitafuta. Miaka 14 baadaye, kwenye mkutano nchini Marekani, mtafiti mwenzake Linda Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa kwenye makumbusho ya huko, na Udvardy akakitambua kimoja. Kilikuwa Illinois. Cha pili kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, katika rundo la karibu mia. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha ya kaburi yenye uzito kuliko zote za pwani hii. Ilipigwa kwa ajili ya utafiti, ikaishia kuwa hati ya umiliki. Kigango cha Illinois kilikabidhiwa kwa jamaa 2007, na Hampton nao wakakubali kukirudisha chao.

Makumbusho ya Denver ilitoa vigango 30 mwaka 2014. Ugomvi wa ushuru na usafirishaji ukavichelewesha, vikafika Kenya 2019. Hivyo havikuwa na picha ya bomani, na hakuna aliyejua vipelekwe mlango wa nani. Vikapokelewa na Makumbusho ya Taifa.