Moto na Malisho ya Wanyamapori katika Uwanda wa Kati

Kabla gavana Mjerumani Hermann von Wissmann hajatoa sheria ya uwindaji mwaka 1896, Wasandawe wa Kondoa walikuwa wakichoma nyasi kila kiangazi, wakijua kwamba ardhi iliyoungua huchipua majani mabichi hata mvua isiponyesha, na kwamba machipukizi hayo huwavuta swala hadi peupe, ambako mwenye upinde huwaona kwa urahisi. Watawala wa kikoloni waliuona moto huo kuwa uharibifu mtupu. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno, kwani baadaye wasimamizi wa mapori ya akiba, yaani maeneo ambamo uwindaji huruhusiwa kwa kibali, waliurudia moto uleule. Katika Pori la Akiba la Rungwa, Manyoni, nyasi za miombo huchomwa mapema, mvua zikishakoma, zikiwa bado na unyevu, ili moto utambae chini, uache viraka visivyoungua na usiue miche, ilhali moto wa Septemba hupanda hadi matawini. Leo pori hilo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kuchoma nyasi humo bila ruhusa ni kosa la jinai.