Thorold Dickinson na Filamu Iliyonusurika



Wakitajwa waongozaji wa filamu wa Uingereza, wengi wetu huwakumbuka Alfred Hitchcock na David Lean. Thorold Dickinson hatajwi sana. Hata hivyo maisha yake yana funzo kubwa, na sehemu yake moja yaihusu nchi yetu.

Dickinson alizaliwa mjini Bristol mwaka 1903. Alianzia katika kazi ya kukata na kuunganisha filamu za wengine, hadi alipopewa kuongoza The High Command (1937). Mwaka 1940 alitoa Gaslight, iliyotokana na mchezo wa kuigiza wa Patrick Hamilton. Ni kisa cha mume anayemghilibu mkewe hata mke mwenyewe anaanza kuamini kuwa ana wazimu.

Kumbe uzuri wa filamu hiyo nusura uiangamize. Kampuni ya MGM ya Marekani ilinunua haki ya kuitengeneza upya, ikataka nakala za ile ya kwanza ziteketezwe zisije zikashindana na yake. Filamu ya Marekani ilitoka mwaka 1944 na kumpatia Ingrid Bergman tuzo ya Oscar. Ile ya Dickinson ilitoweka machoni pa watu kwa muda mrefu. Inasimuliwa kuwa mwenyewe alificha nakala moja. Leo yaweza kutazamwa tena, na wapo wanaoiona kuwa bora kuliko ya pili.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Dickinson alikuja Tanganyika kutayarisha Men of Two Worlds, iliyotolewa mwaka 1946. Inamhusu Kisenga, mpiga piano aliyeishi Ulaya, anayerudi kwao kupambana na ugonjwa wa malale na kukabiliana na mganga Magole. Kisenga aliigizwa na Robert Adams wa British Guiana, ambayo sasa ni Guyana, na Magole na Orlando Martins wa Nigeria. Arthur Bliss alitunga muziki wa piano alioupa jina la Kiswahili, Baraza. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa studioni Uingereza. Hapana budi tuseme kweli: hadithi hiyo ilitutazama kwa jicho la serikali ya kikoloni, iliyojiona ndiyo yenye mwanga. Lakini ni kumbukumbu ya jinsi tulivyotazamwa, na kwa sababu hiyo yafaa ihifadhiwe na ijadiliwe.

Baada ya The Queen of Spades (1949), Dickinson aliongoza filamu chache tu. Kuanzia mwaka 1956 alisimamia huduma za filamu za Umoja wa Mataifa, New York. Mwaka 1960 aliingia chuoni London kufundisha, na mwaka 1967 akawa profesa wa kwanza wa filamu nchini Uingereza. Alifariki mwaka 1984.

Sisi tulio katika utumishi wa serikali twajua kuwa jalada likipotea, haki ya mtu nayo hupotea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mwenye picha za zamani za shule yetu, ratiba au daftari la michezo, asingoje panya na mchwa. Azilete maktaba, wadogo zetu wazikute.