Ukumbi wa Usiku wa Zilipendwa

Sherehe ya muongo ni tafrija ambayo waalikwa huvaa, hucheza na kusikiliza muziki wa miaka kumi fulani iliyopita. Dar es Salaam wengi huiita usiku wa zilipendwa, hata kama kadi imetaja miaka yenyewe. Waandaaji huanza na mavazi na mapambo, ukumbi ukaachwa mwisho. Nadhani wanaanzia pabaya. Kila muongo ulikuwa na mahali pake pa kuchezea, na vitambaa vya rangi havibadilishi dari wala sakafu.

Kwa miaka ya 1960 panafaa ukumbi wa jamii wenye jukwaa na madirisha makubwa, kwa mfano ule wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliopewa jina la mfanyabiashara Mgiriki aliyeufadhili. Suti, chacha na rumba havidai zaidi ya hapo.

Miaka ya 1970 ndiyo inayoombwa sana, na ndiyo inayokosewa sana. Huo ulikuwa muongo wa bendi. NUTA Jazz ilikuwapo tangu 1964, Mlimani Park ikazaliwa 1978, na bendi za Wakongo kama Maquis zilikuwa zimeshahamia jijini. Nyingi zilipiga kwenye baa na kumbi za wazi: ua wenye ukuta, sakafu ya saruji katikati, meza pembeni, jukwaa upande mmoja. Tafuta ua wa namna hiyo kabla ya kufikiria hoteli. Zulia la hoteli hushika mguu wa mcheza rumba, na vigae vinavyong'aa ni hatari kwa mtu aliyevaa viatu vya raizoni chini ya suruali ya bugaluu. Saruji laini haina matatizo hayo. Pima na jukwaa: magitaa ya solo, ridhimu na besi, ngoma, tumba, wapuliza tarumbeta na saksofoni, pamoja na safu ya waimbaji, huweza kufikisha watu kumi na zaidi. Jukwaa la mita nne litawabana, na wapulizaji wataishia kusimama chini.

Ua una adui mmoja, mvua. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli hurejea Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuaminika zaidi.

Ukifika miaka ya 1980 na 1990, mambo yanageuka. Disko lilihitaji chumba kilichofungwa, chenye giza, dari ya chini na taa za rangi. Ukumbi wa harusi wenye dari iliyo juu huupoteza mdundo na kuutawanya mwanga. Hakikisha tu kwamba viyoyozi vinafanya kazi na milango ya dharura haijafungwa kwa kufuli.

Sherehe ya Bongo Fleva ya miaka ya 2000 huvumilia ukumbi mkubwa kama Diamond Jubilee, mradi wageni wapo wa kuujaza. Watu mia moja ndani ya ukumbi wa watu elfu moja huonekana kama wamechelewa kuondoka.

Kwa makadirio, mgeni aliyeketi mezani huhitaji takriban mita moja ya mraba, au zaidi kidogo. Anayecheza peke yake anatosha kwenye nusu ya hiyo, ila rumba ya watu wawili wawili hutaka nafasi zaidi. Wageni 150 basi wanahitaji kama mita za mraba 180 za meza, kabla ya kuhesabu jukwaa, chakula na uwanja wa kuchezea.

Kelele hudhibitiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2015, na ua hauna paa la kuzuia sauti. Muulize mwenye ukumbi mwisho wa muziki ni saa ngapi, vibali vinashughulikiwa na nani, na jenereta inabeba vyombo vya bendi au taa peke yake. Majibu yake yaandikwe kwenye mkataba. Usitoe arubuni kabla hujaenda kuuona ukumbi usiku, saa ile ile ambayo wageni wako watakuwa wanacheza.