Makao ya Mbwa Waliopotea

Msomaji, ukifika leo katika mji wa London, upande wa kusini wa mto Thames, utayakuta makao yajulikanayo kwa jina la Battersea. Humo mbwa na paka wasio na wenyewe hupokewa, hulishwa na kutibiwa, kisha hutolewa kwa watu walio tayari kuwafuga. Siku hizi jambo hilo ni la kawaida. Lakini lilipoanza, mwaka 1860, watu wengi waliliona kuwa ni wazimu.

Yafaa kwanza tuukumbuke mji wenyewe ulivyokuwa. London ilikuwa kubwa kuliko miji yote ya dunia, na njia zake zilijaa magari ya farasi, matope, moshi na maskini wasiohesabika. Mbwa waliopotea au kufukuzwa na wenyewe walizurura humo wakitafuta makombo. Tena waliogopwa, maana kichaa cha mbwa kilikuwa hakina kinga. Louis Pasteur hakumchanja mtoto Joseph Meister mpaka mwezi wa Julai, 1885. Sheria ya kuwalinda wanyama na ukatili ilikuwa imetungwa mwaka 1822, nayo iliwataja wanyama kama farasi, ng'ombe na kondoo. Mbwa aliongezwa mwaka 1835. Lakini tazama vizuri, msomaji: sheria ile ilimkataza mtu kumtesa mbwa, haikumlazimisha mtu yeyote kumpa mbwa wa njiani hata tonge moja.

Ndipo alipotokea Mary Tealby, mwanamke asiye na mali nyingi wala cheo. Inasimuliwa kwamba alikwenda kumtembelea rafiki yake, Sarah Major, akamkuta akimuuguza jikoni mbwa aliyeokotwa hali ya kufa kwa njaa. Mbwa yule hakupona. Walakini Bibi Tealby hakuliacha jambo likaishia hapo. Kwa msaada wa ndugu yake, Edward Bates, aliyekuwa kasisi, alipata vibanda vya farasi katika mtaa wa Holloway, akavifanya makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa.

Gazeti la The Times lilimcheka. Watu waliuliza: je, inakuwaje mbwa wajengewe nyumba katika mji ambao watoto wa binadamu hulala nje? Mimi nafundisha katika chuo cha ualimu, na swali hilo hilo nimelisikia mara nyingi kwa wanafunzi wangu. Si swali la kipumbavu, wala halistahili kujibiwa kwa dharau. Walakini naona lina kasoro moja: huchukulia kwamba huruma ni kama debe la maji, ukimpa huyu kikombe umempunguzia yule. Aghalabu yule auulizaye hivyo huwa hajampa mtoto wala mbwa. Mwaka 1862, All the Year Round, gazeti lililohaririwa na Charles Dickens, lilitoa makala iliyoyalinganisha makao yale ya Holloway na maonyesho ya mbwa wa fahari yaliyofanywa katika mtaa wa jirani, na tangu hapo kicheko kikaanza kupungua.

Bibi Tealby alifariki mwaka 1865. Miaka miwili baadaye ikatoka sheria iliyowapa polisi wa London uwezo wa kuwakamata mbwa wazururao, na hapo kazi ikawa kubwa mno. Majirani wa Holloway walikuwa wamechoka na kelele, na mwaka 1871 makao yakahamia Battersea. Paka wakaanza kupokewa mwaka 1883.

Sasa tumefika mahali pagumu, napo sitapenda tupapite mbio. Mbwa walioletwa walikuwa wengi kuliko watu waliokuja kuwachukua. Aliyekuja mwenyewe kumtafuta alirudi kwao. Aliyepata mnunuzi akaenda na mnunuzi. Aliyebaki aliuawa baada ya siku chache. Mwaka 1884 tabibu mmoja, Benjamin Ward Richardson, alitengeneza chumba maalumu chenye hewa ya kulevya, ili mbwa wafe bila maumivu. Basi nyumba iliyojengwa kwa huruma ikawa pia ni nyumba ya kuulia. Usiwahukumu upesi watu wale, msomaji. Kosa halikuwa lao peke yao. Lilianza katika nyumba ambamo kila mbwa wale alikuwa amechukuliwa kwa furaha akiwa mtoto, kisha akachokwa. Hata leo viko vituo vingi duniani vinavyoua wanyama kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa nafasi.

Wala tusidhani kwamba waliookotwa walikuwa takataka. Katika Vita Kuu ya kwanza, Luteni Kanali Edwin Richardson aliwachukua mbwa kutoka Battersea akawafundisha kupeleka barua baina ya mahandaki. Naye paka Larry, aliyeingia nyumba ya Waziri Mkuu wa Uingereza mwezi wa Februari, 2011, alitoka Battersea. Akawaona mawaziri wakuu wakija na kuondoka, yeye akabaki.

Kwetu Kenya jambo hili si geni. Jijini Nairobi kiko chama cha KSPCA, ambacho huwapokea mbwa, paka na hata punda, na kuwatafutia wafugaji. Na Sura ya 360 ya sheria zetu hukataza ukatili kwa wanyama. Tena sisi tuna sababu ambayo Waingereza wa leo hawana: kichaa cha mbwa bado kinaua watu hapa, na karibu visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Serikali iliazimia mwaka 2014 kwamba ugonjwa huo ukomeshwe ifikapo mwaka 2030. Wataalamu husema yapasa angalau mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Mbwa koko asiye na mwenyewe nani atampeleka kwenye chanjo?

Kwa hiyo, ukitaka kumchukua mnyama kutoka kituoni, usishangae ukiulizwa maswali mengi. Wataka kujua kama kwenu pana ua, kama mzazi ameridhia, na nani atalipa daktari wa mifugo. Vituo vingi humfunga mnyama kizazi kabla ya kumtoa, kusudi asizae wengine watakaorudi pale pale. Siku za kwanza huenda akajificha uvunguni, akakataa chakula, au akalia usiku. Mwache apazoee, wala usimpige.

Na zaidi ya yote, hesabu miaka. Mbwa aghalabu huishi miaka 10 hadi 13, na paka huweza kupita 15. Wewe uko shule ya bweni. Utakuwa nyumbani likizo tu, kisha utakwenda chuoni, kisha kazini katika mji mwingine. Kaa na mama yako au nyanya yako jioni moja, kabla hamjakwenda kituoni, umwulize kama yuko tayari kumpikia mbwa huyo uji muhula mzima wewe haupo.