Mshahara wa Kapera

Jumatatu ya Januari 13, 1947, mizigo ilibaki melini katika bandari ya Kilindini. Makuli hawakuonekana gatini, watu wa reli hawakuripoti kazini, na majumbani mwa wakubwa mpishi na dobi nao walikuwa wamegoma. Wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka kazi chini kwa siku kama kumi na mbili. Kilio chao kilikuwa kimoja: bei zimepanda tangu Vita Kuu ya Pili, mshahara haumfikishi mtu mwisho wa mwezi.

Mgomo huo ndio uliozaa Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, lililoongozwa na Chege Kibachia. Kabla mwaka haujaisha, Kibachia alikamatwa na kuhamishiwa Kabarnet, Baringo, mbali na bahari na mbali na makuli wake. Serikali ilimwondoa mtu, lakini hesabu aliyoilalamikia ikabaki pale pale. Hesabu hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini, maana mshahara ule haukuwa mdogo kwa bahati mbaya. Ulipangwa hivyo.

Pwani ilikuwa na neno lake la kazi tangu zamani: kibarua, yaani barua ndogo, kile kikaratasi ambacho mfanyakazi wa kutwa alipewa kuthibitisha siku yake. Wakoloni waliongeza ya kwao. Mwaka 1901 walileta kodi ya nyumba, ambayo hatimaye ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilipatikana kwa kwenda kumfanyia mtu kazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, kitambulisho cha mfanyakazi kilichoning'inizwa shingoni. Mwanamume alitoka kwao, akafanya kazi miezi kadhaa, akalipa kodi, akarudi.

Kwa kuwa alitarajiwa kurudi, mwajiri alimhesabu peke yake: chakula chake, nguo zake, kitanda chake katika chumba cha kushirikiana. Mke na watoto hawakuingia hesabuni. Hao walidhaniwa kuwa na shamba, na shamba lingewalisha. Kwa maneno mengine, jembe la mwanamke aliyebaki kijijini lilikuwa linamlipia tajiri wa mjini sehemu ya mshahara.

Wataalamu waliipa hesabu hiyo sura ya kisayansi. Edward Batson, profesa wa Cape Town, alikuwa ametunga kipimo cha mstari wa umaskini, na kipimo hicho kikatumika hata Afrika Mashariki. Ndani yake mlikuwa na chakula, nguo, kuni na taa, sabuni, kodi ya chumba na nauli ya kazini. Ada ya shule haikuwemo. Dawa haikuwemo, wala gazeti, wala zawadi ya kumpelekea mama. Batson mwenyewe alikiri kwamba hicho si kiwango cha maisha ya kibinadamu. Kipimo cha kuonyesha ufukara unaanzia wapi kikageuzwa kuwa kipimo cha kupangia mshahara.

Waliokuwa serikalini walijua. Mwaka 1945 kamati ya Arthur Phillips ilikuja Mombasa kuchunguza manung'uniko ya wafanyakazi, ikaukosoa utaratibu wa kumtegemea mtu wa kuja na kurudi. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, chini ya F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, ikasema waziwazi kwamba umefika wakati wa kuacha kumlipa mfanyakazi kama kapera. Ilipendekeza kima cha chini kikadiriwe kwa mume, mke na watoto wawili, na kifikie mara mbili na nusu ya mshahara wa kapera katika muda wa miaka kumi. Serikali iliipokea hoja kwa mkono mmoja na kusitasita kwa mkono wa pili.

Makuli hawakungoja miaka kumi. Machi 1955 bandari iligoma tena, na safari hii aliyetumwa kuzungumza alikuwa kijana Tom Mboya. Makuli walirudi gatini wakiwa na nyongeza ya asilimia 33, na jina la Mboya likavuma Kenya nzima. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, likaundwa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Mei Mosi ikawa siku ya kusubiri rais atatangaza nini.

Na tumeendelea kusubiri. Kuanzia Mei 2018 hadi Mei 2022 kima cha chini hakikusogea hata senti. Novemba 2024 kikapandishwa kwa asilimia 6: kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Kisumu akafika shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Igawe kwa siku thelathini, unapata kama shilingi 537. Kisha igawe kwa watu wanne wa Carpenter, kila mmoja anaamka na shilingi 134 za chakula, nguo, ada, maji na matatu. Mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi aliwekewa karibu nusu ya kiwango cha mjini. Ile imani kwamba aliye karibu na udongo hahitaji fedha nyingi bado imo katika amri ya mishahara.

Tatizo liko katika neno tulilozoea kulishangilia uwanjani siku ya Mei Mosi: asilimia. Asilimia huongezwa juu ya kiwango cha jana, na cha jana kilijengwa juu ya cha juzi. Ukizifuata ngazi hizo kurudi chini, unafika kwenye chumba cha kuli wa Mombasa, mtu mmoja, kitanda kimoja, mke akiwa kijijini na jembe.

Shamba lile nalo limegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka limebaki upana wa ua. Siku ya mshahara fedha ndizo zinazotoka mjini kwenda kununua unga nyumbani, kwa simu, kabla kodi ya chumba haijalipwa.